Mzizi Usioguswa na Mkono

Watu wa pale kilimani, juu ya Isongole, walisema Recho ana mkono wa huruma. Ndivyo walivyomwita mtu ambaye miche anayoihamisha haifi. Kina mama wa usharika walikuwa na kitalu chao cha kahawa karibu na kijito, chini ya kivuli cha mianzi iliyopasuliwa, na tangu Recho alipoolewa kazi ya kuhamishia miche kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya udongo, ilikuwa yake. Wengine walisia mbegu, wengine walichekecha mchanga, wengine walijaza udongo. Lakini mche ukishasimama kwenye tuta la mchanga kama askari, kofia ya ganda bado iko kichwani, aliitwa yeye.

Alitoboa udongo kwa kijiti alichokichonga mwenyewe, kirefu kupita kidole cha kati. Akashusha mzizi ndani ya tundu, kisha akauvuta juu kidogo sana, kama upana wa punje ya ulezi, ndipo akabana udongo kwa pembeni. Kule kuuvuta kidogo ndiko kwenye kazi. Tundu likiwa fupi, au mpandaji akiwa na haraka, mzizi mkuu hukunjika chini kama ndoana, na juu huoni kitu. Mche hunawiri, hupelekwa shambani, hutiwa samadi, mwaka wa tatu huchanua na mwenye shamba akashukuru Mungu. Kahawa ya kwanza ikianza kubeba, mti hugeuka njano, ukafa umesimama. Ukiung'oa ndipo unaiona ndoana. Kila nyumba ya pale ilikwisha kung'oa mti wa namna hiyo, na kila nyumba ilijua wa kulaumiwa ni nani: aliyepanda.

Neno hilo ndilo lililokuja kumchoma Recho, na lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Alikuwa na mtoto mmoja, Pendo. Siku Pendo alipopelekwa kubatizwa alikuwa na miezi tisa, amevaa gauni jeupe alilonunuliwa Tunduma na baba yake. Recho alikuwa amebakiza hatua nne kulifikia beseni la ubatizo pale mtoto alipokakamaa mikononi mwake, macho yakageuka, povu likatoka. Ibada ikasimama. Wazee wa kanisa wakainamiana, wakanong'ona, wakasema mtoto arudi nyumbani kwanza mpaka jambo lijulikane. Ni jambo gani, hawakulitaja. Wenzake walikuwa wamekwisha kubatizwa; maji yaliyobaki yakamwagwa nje kwenye maua.

Sasa tazama. Mtoto mgonjwa ndiye huwahishiwa maji. Hubatizwa hata kitandani, hata na mkunga, mchungaji akiwa mbali. Hilo kila mkristo analijua. Kwa Pendo, ugonjwa ulifanywa kuwa sababu ya kumnyima. Miaka saba ikapita hivyo. Watoto waliobatizwa siku ile wakang'oa meno, wakaanza shule, wakaimba kwenye kwaya ya Jumapili, na Pendo aliandikwa katika daftari la usharika kwa kalamu ya risasi.

Pembeni, yakasemwa mengine. Mimba ya Pendo ikiwa ya miezi mitatu, Recho alishuka Tunduma akakaa siku kumi. Hilo ni kweli. Yesaya mumewe alikuwa fundi matairi kule, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na Recho alikuwa anatapika hata maji ya kunywa. Alikwenda akawekewa dripu kwenye zahanati, akapata nguvu, akarudi. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yeye alikuwa ametoka Mlowo, Kinyiha chake cha kwao kilichekwa pale na Kindali, lugha ya pale aliyojifunza ukubwani, kilichekwa zaidi, na mtu wa kumtetea hakuwa naye. Ikasemwa alikwenda kuitoa mimba, mimba ikakataa, ndiyo ikatoka na kifafa. Hakuna aliyemwambia usoni. Walisema kitaluni alipokwenda kuchota maji, wakanyamaza alipotua ndoo.

Angejitetea wapi? Mzee kiongozi wa baraza la kanisa alikuwa mzee Nathanaeli, na Nathanaeli alikuwa baba mkwe wake. Kwa desturi ya ukoo ule, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayeacha njia akasimama majanini mpaka mzee apite. Basi kila baraza lilipomwita, Recho alisimama nje chini ya dirisha la ofisi ya usharika, mgongo ukutani, akijibu kwa sauti ndogo. Mama mkwe wake, Ruti, alisimama mlangoni akipeleka majibu ndani. Neno lililotoka kwa Recho likiwa na urefu wa mkono lilifika mezani likiwa na urefu wa kidole. Miaka saba alihukumiwa dirishani.

Mwaka Pendo alipotimiza miaka saba, kifafa kilimshika mara tatu kwa siku na kumwachia kovu juu ya jicho. Recho akambeba mpaka hospitali ya rufaa Mbeya. Akapigwa picha ya ubongo kwenye mashine kubwa, na daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mtulivu aitwaye Erica, akaibandika picha kwenye taa.

Alimwonyesha gamba la ubongo pembeni, kisha akasogeza kalamu ndani kidogo. Kulikuwa na utepe mwingine wa kijivu chini ya gamba, kama nguo iliyoshonwa bitana. Huo haukupaswa kuwapo.

Recho aliuliza, ni kitu gani nilikula, daktari? Daktari akasema hakuna. Akauliza, ni kazi nzito? Daktari akasema siyo. Akauliza, ni kule kutapika? Daktari akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu.

Alimweleza kwamba seli za fahamu za mtoto huzaliwa ndani kabisa ya ubongo, kisha husafiri kupanda hadi kwenye gamba, kila moja na mahali pake. Ili isafiri, seli hunyoosha mkono mbele, ikajivuta. Ndani ya mkono huo vimo vijibomba vyembamba mno, kuta zake zimejengwa kwa vipande vya protini vilivyopangwa safu kumi na tatu. Vijibomba hivyo havitulii. Vinaongezwa upande huu, vinabomoka upande ule, wakati wote. Ndiyo maana zipo protini nyingine za kuvisimamia. Zipo za kuvikata vikizidi, zipo za kupita juu yake na mizigo kama watu barabarani, na ipo inayojishikiza katikati ya safu na safu ili kijibomba kisimame imara. Hiyo ya kushikiza inaitwa dablikotini.

"Ya Pendo ina hitilafu," daktari alisema. "Kwa kuwa ni msichana, ana nakala mbili za agizo la kuitengeneza, na kila seli hutumia moja; sehemu ya seli zake zilikuwa na dablikotini nzima, sehemu hazikuwa nayo. Zenye nayo zilifika juu. Zisizo nayo ziliishia njiani, zikakaa hapo. Huu utepe ndizo hizo."

Safari hiyo, akasema, huanza kama mwezi wa tatu wa mimba. Lakini kosa halikuanza mwezi huo. Lilikuwamo katika maagizo ya mwili wa mtoto tangu siku ya kwanza, kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Alichukua damu ya mtoto, na siku nyingine ya Yesaya na ya Recho, ipelekwe nje ya nchi na watafiti ipimwe. Akampa Pendo dawa mpya za asubuhi na jioni, na kwa dawa hizo zile mara tatu kwa siku zikawa mara moja kwa wiki mbili.

Recho alirudi nyumbani kifua chepesi. Alitaka watu wajue. Alhamisi, kina mama walipokusanyika kitaluni, akawaeleza yote. Alipofika kwenye vijibomba aliona nyuso zimepotea njia, akatafuta mfano wa karibu.

"Ni kama mzizi uliokunjika," akasema. "Mtoto anakua vizuri kwa juu, ila kule chini pasipoonekana kuna kitu hakikunyooka."

Priska, mwenyekiti wa kina mama, alikuwa anajaza kiriba. Hakuinua kichwa.

"Mama Pendo, wewe ndiye mwalimu wetu hapa. Mzizi hujikunja wenyewe?"

"Hapana. Lakini..."

"Hukunjwa na nani?"

Recho akanyamaza.

"Na huyo daktari amesema hizo seli zilianza safari mwezi wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Wa tatu." Priska aligongesha kiriba chini udongo ushuke. "Basi mashahidi mpo. Sisi hatukusema kitu, kasema mwenyewe."

Kufika Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba Recho ameungama kitaluni. Aliyeleta mfano wa kumtetea mwanawe alipigwa kwa mfano huohuo. Na waliompiga walikuwa watu wa sala, watu waliokwisha kusoma habari za kipofu wa tangu kuzaliwa na kusikia Bwana alivyojibu, kwamba si yeye wala wazazi wake, walipomuuliza nani alikosa. Walilisoma jibu, wakalikunja, wakarudi kwenye swali.

Mama Ruti akaja na ujumbe wa baraza. Jumapili ya mwisho wa mwezi kutakuwa na ubatizo. Recho akisimama mbele ya kanisa na kusema, "Nilimkosea Mungu na mtoto huyu," Pendo atabatizwa papo hapo. Hadi hapo asiguse miche. Kitaluni atakuwa mtu wa kuchota maji. Kuhamisha kutafanywa na Priska, aliyekwisha kusia tuta la msimu huu.

"Mwanangu, ukubali," Ruti akamwambia kwa unyonge. "Wamechoka."

Nani aliyechoka? Aliyekesha na mtoto miaka saba ni nani?

Yesaya alikuja Jumamosi kutoka Tunduma, mikono myeusi kwa mpira na grisi. Alikuwa mume mwema, hakuwahi kumwinulia sauti, wala hakuwahi kuiinua kwa ajili yake. Alikaa kwenye kigoda, Pendo akampandia mapajani, akasikiliza yote.

"Sema tu, mama Pendo," akasema mwishowe. "Sentensi moja. Mtoto apate maji tuishi."

"Sentensi ya uongo, mbele ya madhabahu."

"Mungu anajua moyo."

"Ndiyo maana inanishinda, baba Pendo."

Yesaya akatazama viganja vyake. "Mimi nikiletewa tairi lenye msumari, siulizi nani aliuangusha barabarani. Naziba, lori linaondoka."

"Tairi halitakua likaja kuniuliza, mama, ulinitoboa?"

Yesaya akamshusha Pendo mapajani. Alfajiri ya Jumatatu alirudi kwenye malori yake.

Wiki ya pili baada ya ujumbe wa baraza, jibu la damu likafika kwenye zahanati ya Isongole, na Recho akashuka kulichukua. Daktari Erica alikuwa ameandika kwa Kiswahili chini ya maandishi ya watafiti: hitilafu haipo kwa mama, haipo kwa baba, imeanza kwa mtoto mwenyewe, na hakuna aliyeisababisha. Recho aliisoma karatasi njiani mara nyingi kuliko alivyopata kusoma barua yoyote. Akampa mama mkwe aipeleke barazani. Ikarudi kesho yake imekunjwa mara nne, na duara la kikombe cha chai juu yake, pamoja na neno kwamba karatasi imesemea damu, baraza linauliza habari za moyo.

Ndipo alipolegea. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia kimya, kisha akafikiri kwamba jina lake si kitu. Mtoto wake alikuwa anaugua ugonjwa unaoweza kumwangusha mtoni au motoni siku yoyote, akafa bila ubatizo. Kama bei ya maji yale ni mama kujipaka tope, atajipaka. Akaanza kujifunza sentensi. Aliisema akipepeta maharage, akifua, akisonga ugali, kwa sauti ya chini, ili siku ile isimkwame kooni.

Pendo alikuwa mzito wa kushika maneno. Kuhesabu hadi kumi kulimchukua mihula miwili. Lakini neno lililorudiwa rudiwa liliingia, na likiingia halikutoka. Ijumaa, siku mbili kabla ya ubatizo, Recho alimkuta uani na gunzi la mahindi amelivika kitambaa. Alikuwa analimwagia maji kwa kifuniko cha chupa.

"Nilimkosea Mungu na mtoto huyu," Pendo akaliambia gunzi, akalipigapiga mgongoni.

Recho alisimama na beseni la nguo kiunoni.

Mtoto akamwona. Akagusa lile kovu juu ya jicho lake, hakuwa na hasira yoyote, alitaka kujua tu. "Mama, ulinikosea wapi? Hapa?"

Hasira ya mtu mpole huchelewa kufika. Ya Recho ilifika hapo. Iliingia polepole, ikakaa, naye akainama kumfuta mtoto maji mikononi. "Sikukukosea popote," akamwambia. "Sikiliza. Popote." Akamrudisha ndani, akampa dawa yake ya jioni, akaketi kufikiri.

Alifikiri kama mtu wa miche. Mzizi hukunjwa na nani? Alikuwa amenyamaza pale kitaluni kwa sababu jibu alilijua, kama kila mtu alivyolijua: na mpandaji. Lakini je, ni mizizi yote? Aliona mikono yake mwenyewe msimu baada ya msimu, ikichomoa miche kwenye tuta la mchanga, ikitazama, na kila baada ya michache ikitupa mmoja pembeni. Aliitupa bila kufikiri, kama mtu anavyotupa punje mbovu akichambua mchele. Kwa nini aliitupa? Kwa sababu ilikuwa imekwisha kupinda. Ilipindia mchangani, kabla ya kijiti, kabla ya kiriba, kabla ya mkono wowote. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa linaanguka miguuni pake, naye analifagia.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya baraza, alikwenda kitaluni peke yake. Hakugusa viriba. Alichomoa mistari miwili ya tuta la mchanga, akaisuuza mizizi kijitoni, akaipanga kwenye beseni: iliyonyooka upande wa kulia, mingine upande wa kushoto. Akaifunika kwa kitambaa chenye maji.

Barazani walikuwa wazee watano, Priska, na mchungaji Jofrey, aliyekuwa amehamia usharikani mwaka huo na bado alisikiliza kuliko kusema. Mama Ruti alikwisha kujiweka mlangoni. Recho akasimama chini ya dirisha lake la siku zote, lakini hakumpa mama mkwe neno la kupeleka. Alilipitisha beseni dirishani kwa mikono yake, likatua mezani, na sauti yake ikalifuata ndani, mgongo bado uko ukutani, uso unatazama kilima.

"Mama mwenyekiti, nisamehe kwa kuuliza. Tuta la mchanga msimu huu lilisiwa na nani?"

"Si unajua," Priska akasema. "Mimi."

"Mchanga ulichekechwa na nani?"

"Mimi."

"Tangu mbegu iingie humo, kuna mkono uliogusa mizizi hii?"

Priska akacheka kidogo. "Mkono utaingiaje mchangani? Labda wa fuko."

Wazee wawili wakacheka naye.

"Basi naomba mtazame ya upande wa kushoto," Recho akasema.

Kitambaa kikafunuliwa. Upande wa kushoto ilikuwapo miche saba. Mmoja ulikuwa na ndoana kamili. Mwingine ulijizungusha kama mkia wa kinyonga. Mwingine uligawanyika mara mbili kama miguu ya kunguru. Mashina yake yalikuwa kijani kama ya wenzake, kofia ziko kichwani, na kwa juu usingejua huu ni upi na ule ni upi. Kicheko kikakatika.

"Ni jiwe," Priska akasema. "Ilikutana na jiwe."

Mzee Nathanaeli alikuwa amelima kahawa miaka arobaini. Alinyoosha mkono, akachukua ule wenye ndoana, akaufuta kwa dole gumba, akaugeuza mwangani. Alisema akiitazama meza, "Mchanga uliochekechwa hauna jiwe."

"Mama Priska, sikuhesabii dhambi," Recho akasema nje. "Wewe ni mpandaji, nakuheshimu. Ninauliza tu, siku ulipokuwa unaisia hii saba, ulikuwa umemkosea nani?"

 Recho akaendelea, na sauti ilikuwa ileile ya chini, ila sasa hakuna aliyeifupisha.

"Mpandaji anaweza kukunja mzizi. Nilisema hivyo na ni kweli. Lakini upo mzizi unaojikunja wenyewe, kwa sababu ndani ya mche kuna kitu cha kuunyoosha na kitu hicho hakiko mkononi mwa mtu. Ndani ya mtoto kuna vijibomba, na kuna protini ya kuvishikiza, inaitwa dablikotini. Ya Pendo haikushikiza. Nilikwenda Tunduma kwa sababu nilikuwa natapika. Sikunywa kitu cha kumdhuru. Mkiniambia niseme nilimkosea, nitakuwa nimemkosea siku hiyo kwa mara ya kwanza."

Mchungaji Jofrey akauliza kama kuna mtu mwenye ushahidi wa jambo lolote alilolifanya mama huyu, aliyeona kwa macho na si kusikia. Akasubiri. Akauliza tena. Kiti kililia, mtu akakohoa.

Aliyezungumza alikuwa mama Ruti, pale mlangoni. "Maneno yake nilikuwa nayapunguza," akasema, na ukingo wa kitenge uko mdomoni. "Miaka yote. Alisema mengi, mimi nikaleta machache. Niliogopa."

Baraza likakubali mtoto abatizwe kesho bila mama kuungama.

Mtu angedhani yamekwisha. Jumapili kanisa lilijaa. Yesaya alikuwa amekuja usiku kwa lori la mizigo, amevaa shati la harusi yao. Recho alimshika Pendo mkono, maana sasa alikuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe, wakasogea hadi walipobakiza hatua nne kulifikia beseni. Mbele ya beseni alisimama mzee Nathanaeli, kwa zamu yake ya kushika jagi la maji, na Recho akainamisha macho. Katibu wa usharika, Eliakim, akasoma majina. Alipofika la mwisho akasoma, "Na mtoto Pendo Yesaya, ambaye mama yake kanisa limemsamehe."

Watu wengine wakasema amina. Waliisema kwa moyo mkunjufu kabisa, na hapo ndipo palipouma zaidi. Walikuwa wanajiona wema.

Recho hakusogea. "Katibu," akasema. "Naomba usome upya."

Eliakim akatazama karatasi. "Ndivyo ilivyoandikwa, dada."

"Iliandikwa vibaya. Mimi sikusamehewa, kwa sababu sikukosa. Msinipe msamaha nisioudai, utanikaa mwilini kama kosa."

 Eliakim akamtazama mzee kiongozi. Wote wakamtazama. Mke wa mwana alikuwa amesema mbele ya baba mkwe, tena mchana, tena kanisani, na njia ya kwenda kwenye maji ilikuwa imezibwa na mwili wa mzee huyo. Kwa desturi, Recho ndiye alipaswa kurudi nyuma.

Nathanaeli aliweka jagi juu ya kigoda. Akatoka pale kwenye beseni, akapita pembeni, akaiacha njia nzima tupu, akaenda kusimama ukutani. Aligeuzia watu mgongo, uso ukutani, kama Recho alivyokuwa akiligeuzia baraza mgongo chini ya dirisha. Akasema bila kugeuka, "Eliakim, futa. Soma jina la mtoto, basi."

Eliakim alifuta kwa kalamu, mara mbili. Akasoma, "Pendo Yesaya." Recho akangoja mpaka alipohakikisha hakuna neno linalofuata.

Hakuna aliyemwomba radhi, siku hiyo wala baadaye. Priska alimtumia salamu Jumatatu kwamba miche imezidi kukua tutani na inahitaji mkono. Recho alikwenda, kwa sababu miche haikuwa na hatia. Lakini hiyo ni Jumatatu. Jumapili ile alitembea hatua nne, akamsogeza mwanawe mbele ya beseni, na maji yakaanguka mara tatu juu ya kichwa chenye nywele zilizosukwa upya, yakatelemka mpaka kwenye kovu.

"Yana baridi," Pendo akasema, kanisa zima likasikia.

Recho alikuwa na leso mkononi. Hakuyafuta. Aliyaacha yakauke yenyewe.